Regyuleta ya Kuaminika kwa Maji ya Mara

Regyuleta ya mzamiaji ina kazi moja iliyogawanywa mara mbili. Hewa ndani ya mtungi hukaa kwa presha ya baa 200 au zaidi, presha ambayo mapafu ya binadamu hayawezi kuikaribia. Kichwa kinachofungwa kwenye mtungi huishusha hadi takribani baa 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayomzunguka mzamiaji. Kipande cha mdomoni huishusha tena hadi ilingane na maji hayo, na hutoa hewa pale tu mtu anapovuta pumzi. Akiacha kuvuta, vali hufunga. Akishuka mita 10, presha ya maji hupanda kwa baa moja hivi, na regyuleta huongeza ya kwake kwa kiasi hichohicho bila kuguswa. Mtungi wa gesi ya kupikia una regyuleta ya ukoo huohuo, ila ile ya jikoni hutoa gesi mfululizo kwa presha isiyobadilika, na ikiharibika mtu ana nafasi ya kutoka nje ya nyumba.

Kifaa hiki kilizaliwa machimboni. Mwaka 1860 mhandisi wa migodi Mfaransa, Benoît Rouquayrol, alisajili chombo cha kumpa hewa mwokoaji anayeingia kwenye mgodi uliojaa hewa mbaya. Miaka minne baadaye alishirikiana na ofisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, wakakigeuza kitumike chini ya maji. Kikasahaulika kwa kiasi kikubwa, mpaka Vita Kuu ya Pili ilipoifanya petroli kuwa adimu Ufaransa na Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, akatengeneza vali ndogo ya kuendeshea magari kwa gesi. Jacques Cousteau alipomfuata akitafuta njia ya kupumua majini, vali hiyo ndiyo iliyokuwa mezani. Regyuleta yao ilijaribiwa mwaka 1943, na karibu zote zinazouzwa leo zimetokana na wazo hilo. Kwa wilaya ya Tarime mkoani Mara, yenye dhahabu ya Nyamongo na mashimo yasiyohesabika ya wachimbaji wadogo, historia hii ina uzito wake, kwa sababu mzamiaji na mwokoaji wa shimoni huonekana kutaka kitu kimoja ilhali wanataka vitu viwili.

Uchaguzi huanza na maji yenyewe. Vitabu vingi vya uzamiaji vimeandikwa kwa ajili ya mtalii wa Pemba, Mafia au Diani: maji ya chumvi, safi, yanayoonekana mita 20 mbele. Wilaya za Tarime na Serengeti hazina maji ya namna hiyo. Tangu Rorya ilipokatwa kutoka Tarime mwaka 2007, ufuko wa Ziwa Victoria ulibaki upande wa Rorya, na maji makubwa ya wilaya hizi mbili ni Mto Mara unaopita kati yao, vijito vinavyoulisha, malambo ya mifugo, visima, na mashimo ya machimbo yaliyojaa maji ya mvua. Anayezama humo hayuko matembezini. Anatafuta mtu aliyesombwa na mafuriko, mtoto aliyetumbukia shimoni, au gari lililoacha daraja. Kazi zikiwa kubwa, huitwa ziwani. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, watu zaidi ya 800 walipoteza maisha, na wazamiaji waliletwa hata kutoka Afrika Kusini. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wazamiaji walimtoa mtu mmoja hai baada ya siku mbili, akiwa amebaki ndani ya kivuko kwenye nafasi iliyokuwa na hewa.

Maji ya Mara yana tope. Misitu ya Mau nchini Kenya ilivyopungua na mashamba na mifugo kuongezeka upande wa juu, udongo unaosombwa umeongezeka, na msimu wa mvua mzamiaji haoni kiganja chake mwenyewe. Hapo ndipo tofauti ya aina mbili za kichwa cha mtungini inapoanza kuwa na maana.

Kichwa cha pistoni ni rahisi kuliko vyote. Ndani kuna pistoni moja, springi, oringi chache na kiti cha vali. Aina ya kale kabisa, ambayo pistoni yake haijasawazishwa, huwa na sehemu moja tu inayosogea. Kasoro yake ni kwamba pumzi huwa nzito kidogo kadiri mtungi unavyoisha. Kwa kina cha mita 10 au 15 uzito huo haumsumbui mtu, na kuna mifano ya namna hii iliyotengenezwa kwa miongo mingi bila kubadilika sana, kama MK2 ya Scubapro. Tatizo ni mlango wa maji. Ili pistoni ijue presha ya nje, maji lazima yaingie kwenye chumba cha springi, na maji ya Mara huingia na mchanga wake. Chembe zikikaa kwenye oringi ya pistoni huikwaruza, kisha hewa huanza kuvuja taratibu.

Kichwa cha kiwambo kina sehemu nyingi zaidi, lakini maji hayagusi vali. Kiwambo cha mpira kimekaa katikati: upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Baadhi huongezewa kiwambo cha pili kwa nje, hivyo hata springi hukaa pakavu. Waliobuni kinga hiyo walikuwa na barafu ya Ulaya akilini, kwa sababu maji baridi huganda ndani ya regyuleta na kuifanya imwage hewa bila kukoma. Ziwa Victoria lina nyuzi joto zipatazo 23 hadi 28, kwa hiyo barafu si hoja hapa. Tope ndiyo hoja, na kilichobuniwa kwa ajili ya barafu hulizuia vizuri sana. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 hutaka regyuleta isiyojaribiwa kwa maji baridi iandikwe alama ya kuanzia nyuzi 10. Mnunuzi wa Mara hana haja ya kuiogopa alama hiyo. Anachopaswa kuuliza ni kama chumba cha springi kimefungwa. Kikiwa kimefungwa na kiwambo kimesawazishwa, kama zilivyo MK17 ya Scubapro au vichwa vingi vya Apeks, hicho ndicho cha kuchukua kwa mto na malambo. Pistoni ya wazi ibaki kwa wanaofanya kazi ziwani, mbali na midomo ya mito.

Kwenye kipande cha mdomoni swali ni moja: kikiharibika, kinaharibikaje? Karibu vyote vya siku hizi vina vali inayofunguka kwa kufuata mwelekeo wa hewa. Presha ikizidi kwa hitilafu ya kichwa cha mtungini, vali husukumwa ikafunguka na hewa humwagika. Ni kelele na ni hasara, lakini mzamiaji anaendelea kupumua wakati anapanda juu. Zipo aina chache, maarufu zaidi zikiwa za Poseidon ya Sweden, ambazo vali yake hufunguka kinyume cha mwelekeo wa hewa. Zinavutika kwa ulaini wa ajabu, ila presha ikizidi vali huweza kujifunga, na hivyo lazima ziwe na vali ya usalama pembeni. Hakuna ubaya kwa fundi anayezifahamu. Kwa kikosi ambacho fundi wake yuko mbali, vali ya kawaida inatosha.

Sehemu inayosahaulika ni mlango wa kutolea pumzi, kipande chembamba cha mpira chenye umbo la uyoga. Chembe moja ya mchanga au unyuzi wa gugu maji ukiushikilia ukae wazi, kila pumzi itakuja na maji. Watu wengi hudhani regyuleta imekufa, kumbe ni uchafu wa kusuuza.

Desturi ya mabwawa ya mafunzo ni kwamba mzamiaji akiishiwa hewa humfuata mwenzake na kuchukua kipande cha pili cha mdomoni, kile cha rangi ya njano. Katika maji yasiyoonekana desturi hiyo haina maana, kwa sababu mwenzake hamwoni na mara nyingi hayupo. Kazi ya tope hufanywa na mtu mmoja aliyefungwa kamba, na mwingine juu anayeishika na kuisoma mivuto yake. Akiba yake iwe mtungi mdogo wa pembeni wenye regyuleta yake kamili. Ni gharama mara mbili, na ndiyo gharama ya mwisho kukatwa.

Uchafu wa maji unaleta swali la kama kipande cha mdomoni kinafaa kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nyumbu wapatao 6,250 huzama katika Mto Mara kila mwaka wakati wa kuhama, na mizoga yao huoza humohumo. Viboko wa mto huo wanahesabika kwa maelfu, na kinyesi chao humwagika majini. Ziwani kuna kichocho. Kwenye machimbo kuna zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo, na mwaka 2009 wakazi wa bonde la Mto Tighite walikumbana na uvujaji wa maji yenye asidi kutoka eneo la mgodi wa North Mara. Regyuleta ya kung'ata kwa meno huacha midomo, pua na sehemu ya uso majini, na kila pumzi hubeba matone machache. Barakoa ya uso mzima, ambayo regyuleta imefungwa ndani yake, huondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa, na mtu akipoteza fahamu haimtoki. Inatumia hewa zaidi, bei yake ni kubwa mno kulinganisha na regyuleta ya kawaida, na bila mazoezi hatari yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Hata hivyo kikosi chenye fedha chache kinafanya busara kununua barakoa moja ya uso mzima na regyuleta moja ya kawaida kuliko regyuleta nne. Kwa shimo la machimbo lenye maji ya kijani au mekundu, hewa iletwe kwa mpira kutoka juu na mwili ufunikwe wote. Pasipo vifaa hivyo, hakuna mwili uliokwisha kufa unaostahili kumwingiza aliye hai.

Mamba na viboko hawana regyuleta ya kuwazuia. Hilo ni la askari mwenye bunduki na la mwenye uamuzi wa kusema kazi isubiri.

Kuna namna mbili za kuufunga mtungi. Bano, ambalo hukaza regyuleta kwa skrubu ya nyuma, limezoeleka katika vituo vya watalii na huishia baa 232. DIN, ambayo huingia kwa nyuzi ndani ya vali, hubana oringi mahali ambapo haiwezi kuponyoka na hutumika hadi baa 300. Regyuleta ya DIN ya baa 300 huingia pia kwenye vali za baa 200. Ile ya baa 200 haizibi kwenye vali ya baa 300. Mtungi ukigonga jiwe ndani ya mto, bano linaweza kusogea na oringi kutoka, na DIN haisogei. Kipande kidogo cha kugeuza DIN kuwa bano hupatikana. Kwa hiyo DIN, labda kama mitungi yote iliyopo tayari ni ya bano na hakuna fedha za kuibadili.

Regyuleta bora haiwezi kusafisha hewa mbaya. Kompresa ya gereji ya kujazia matairi au kupulizia rangi haifai hata kwa dakika tano: inanyonya moshi wa barabarani na mafuta ya mashine yake yenyewe. Hewa ya kupumua ina viwango vyake, na vile vya Ulaya huruhusu kaboni monoksidi isiyozidi sehemu 5 katika milioni na mafuta yasiyozidi nusu miligramu kwa mita ya ujazo. Gesi hiyo inayovumilika juu ya ardhi huwa sumu mara tatu mzamiaji akiwa mita 20 chini, kwa sababu presha imezidishwa. Mjazaji lazima awe na kompresa maalumu ya hewa ya kupumulia, yenye chujio linalobadilishwa kwa saa za kazi, na bomba la kunyonyea lililowekwa mbali na ekzosti. Kabla ya kununua regyuleta, swali la mtungi utajazwa wapi ni la kuulizwa kwanza, na katika mkoa wa Mara jibu lake si jepesi.

Mwinuko nao huzungumzwa sana pasipo sababu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, ambako presha ya hewa ni kama baa 0.88. Regyuleta hujirekebisha yenyewe. Kinachobadilika ni majedwali ya kupanda na kompyuta ya mkononi, ambavyo lazima vijulishwe mwinuko, na safari ya baadaye: anayetoka majini Musoma na kupanda gari hadi Tarime mjini anaongeza mwinuko wa mamia ya mita katika muda mfupi, naitrojeni ikiwa bado mwilini.

Jambo linaloamua kuaminika kwa regyuleta kuliko yote yaliyotangulia ni umbali wa fundi. Watengenezaji wengi hutaka ifunguliwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, au baada ya idadi fulani ya mizamo, oringi na viti vya vali vibadilishwe, chuma kisafishwe na presha ipimwe upya. Mafundi wenye mafunzo wako Zanzibar, Dar es Salaam na pwani ya Kenya, kulikojaa vituo vya wazamiaji. Kutoka Mugumu, wilayani Serengeti, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Regyuleta ya kampuni ambayo spea zake hazipatikani katika mojawapo ya maeneo hayo, hata ikiwa imeshinda majaribio yote ya maabara, itakaa kabatini mwaka wa pili. Hivyo mnunuzi aanze na fundi, si na duka: amuulize ni mifano ipi anaifungua kila wiki, na ni pakiti zipi za spea zipo rafuni. Kisha anunue huo mfano, seti zote za kikosi ziwe za mfano mmoja, na pakiti mbili tatu za akiba zinunuliwe siku hiyohiyo. Seti tano za makampuni matano, zilizokusanywa kwa misaada, ni mzigo hata kama kila moja ni nzuri.

Regyuleta ya mitumba haikataliwi, mradi ipimwe. Chujio dogo la shaba lililo mdomoni mwa kichwa cha mtungini husema mengi: likiwa na ukungu wa kijani, maji ya chumvi yameingia na kula chuma, likiwa na vumbi jekundu, mtungi wa chuma uliokuwa ukitumika una kutu ndani. Kipimo cha pili hakihitaji mtungi. Kifuniko cha vumbi kikazwe, kisha mtu avute hewa kwa mdomo: kipande kinapaswa kugoma kabisa na kubaki kimegoma. Hewa ikipita, kiwambo kimetoboka au mlango wa pumzi hauzibi. Cha tatu ni geji ya presha ya kati, kifaa kidogo cha bei ndogo ambacho kila kikosi kinafaa kuwa nacho. Ikifungwa kwenye mpira wa hewa, mshale upande na kusimama. Ukisimama kisha ukaanza kutambaa juu polepole, kiti cha vali kimeshalika, na siku moja kipande cha mdomoni kitaanza kumwaga hewa chenyewe. Cha nne hufanywa kwa beseni: mtungi ukiwa wazi, kipande cha mdomoni kishushwe majini taratibu, mdomo ukitazama juu. Maji yakipanda kama sentimita 3 juu ya kiwambo, mluzi wa hewa uanze kusikika. Ukianza mapema mno, kimelegezwa kupita kiasi. Yakifika sentimita 6 kimya, mtu atavuta kwa tabu.

Utunzaji wa nyumbani hauhitaji fundi. Baada ya mto, seti nzima iloweshwe kwenye maji safi kifuniko cha vumbi kikiwa kimekauka na kukazwa, na kitufe cha kumwaga hewa kisibonyezwe hata kidogo kama hakuna presha, maana ndicho kinachofungulia maji njia ya kwenda ndani ya mpira. Waliozama kwenye maji machafu waongeze dawa ya kuua vijidudu ile iliyotajwa na mtengenezaji. Jiki kali hula mpira. Oringi hupakwa grisi ya silikoni, kamwe si ya gari. Mipira ya hewa isikunjwe kwa pembe wala kuning'inizwa juani. Panya wa stoo nao hutafuna mipira hii kwa furaha.

Lililobaki ni shimo kavu. Katika maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, hewa huharibika kwa njia tatu: oksijeni huisha, moshi wa baruti hubaki chini, au pampu ya mafuta iliyoshushwa kunyonya maji hujaza kaboni monoksidi. Mtu wa kwanza huanguka, wa pili humfuata kumwokoa, naye huanguka. Barakoa ya vumbi haina msaada wowote, kwa kuwa inachuja vumbi na haileti oksijeni. Anayeona mtungi wa mzamiaji hushawishika kuuvaa na kushuka. Ndani yake mna hewa, ni kweli, lakini regyuleta ya maji ilibuniwa kwa mtu ambaye pua yake imefungwa na barakoa ya kioo. Shimoni pua iko wazi, mdomo hufunguka anapoita wenzake, na vali husubiri avute ndipo itoe, hivyo kila mwanya huingiza sumu. Vifaa vya waokoaji wa migodini na wa zimamoto hufunika uso wote na kudumisha presha ndani ya barakoa ikizidi ya nje kidogo. Penye mwanya, hewa hutoka, sumu haiingii. Vina pia filimbi inayolia mtungi unapokaribia kuisha. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 una lita 2,400 za hewa, na mtu anayebeba mwenzake kwenye ngazi za matimba hutumia lita 40 au zaidi kwa dakika. Saa moja ya karatasini hugeuka nusu saa ya kweli ikitolewa akiba ya kurudi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na migodi mikubwa hutumia seti za aina hiyo, na ni kwao ambako kikundi cha wachimbaji kinapaswa kuomba mafunzo kabla ya kununua chochote. Kikundi kisichokuwa na seti hizo kinaweza angalau kuiacha pampu ya mafuta juu ya ardhi, kupuliza hewa safi chini kwa feni na bomba la turubai, na kumfunga kamba kiunoni kila anayeshuka ili avutwe bila mtu mwingine kuingia.